Muuza Madafu Asiyekunywa Madafu

Kila asubuhi, kabla hajauza hata moja, Athmani huchukua dafu la juu kabisa kwenye mkokoteni wake, hulitikisa karibu na sikio, hulipasua kwa panga, kisha humpa mtu mwingine anywe. Anaweza kuwa mwenye duka la leso anayefungua milango yake, au mwanamke anayepita na kapu la samaki, au mimi nikielekea kazini. Hatoi hivi kwa ukarimu tu. Husimama mbele yako na kukutazama usoni wakati wote unapokunywa, na ni kwenye uso wako anapojua kama mzigo wa siku hiyo ni mtamu au una ladha ya maji ya kisima. Yeye mwenyewe haonji.

Watu wa Biashara Street wamekwisha kumzoea. Wako wanaosema ana kisukari, na wako wanaosema ameweka nadhiri. Kahindi, anayemletea madafu kwa pikapu kutoka Kilifi, alikuwa na maneno yake: "Huyu ni kama muuza viatu anayetembea peku. Mwacheni. Huenda ana miguu mizuri."

Athmani ni mume wa dada yangu Nasiha. Kwetu shemeji huruhusiwa kutaniana na kuulizana yasiyoulizwa, lakini mimi si mwepesi wa maneno, kwa hiyo haya nimeyakusanya polepole. Mengine nimeyapata kwa Nasiha, mengine kwa Athmani mwenyewe, na mengi kwa Kahindi, ambaye hajui kunong'ona. Wote wamenipa ruhusa niandike. Athmani alisema niandike hata jina lake, kwani wanaoitwa Athmani ni wangapi?

Alizaliwa Bondeni, katika nyumba moja na ami yake mkubwa, mtu mcheshi aliyekuwa na busha. Wazee huliita mshipa. Ni maji yanayojikusanya ndani ya mfuko wa korodani mpaka mfuko unavimba, na la ami lilikuwa limevimba kiasi cha kuonekana juu ya kikoi. Watoto wa mtaa walimtungia jina ambalo sitaliandika. Mkewe alirudi kwao Malindi, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Sababu ya ule ugonjwa nayo haikuulizwa, maana kila mtu aliijua: ami alikuwa mkwezi wa minazi ujanani mwake, na alikunywa madafu kama maji. Pwani hii mtoto wa kiume huambiwa mapema kwamba akizidisha madafu atapata mshipa. Wengine huambiwa, wakacheka, wakanywa. Mamake Athmani alimwambia mwanawe huku akimwonyesha ami aliyekaa barazani, na Athmani hakunywa tena.

Kuyauza kulikuja baadaye, alipokosa kibarua bandarini na jirani akamkodisha mkokoteni. Alidhani ni kazi ya muda. Ikawa ndiyo kazi.

Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu alipogundua, akioga, kwamba korodani yake ya kushoto iko chini kuliko ya kulia. Haikuuma wala haikuvimba. Ilikuwa chini tu, kama mzega ambao mbebaji hakusawazisha ndoo zake. Hakujua ilianza lini kwa sababu hakuwahi kujitazama. Na angejilinganisha na nani? Mwanamume wa kwetu hufunzwa kujisitiri tangu hajajua kufunga kikoi. Anaweza kufa mzee na hajaona mwili wa mwanamume mwingine ila wa maiti aliyemwosha, na hapo pia huoshwa chini ya shuka.

Kuanzia siku ile akawa anajichunguza. Alijichunguza asubuhi na jioni, na mara nyingine aliacha mkokoteni kwa mwenye duka akaenda chooni msikitini kujichunguza tena. Siku za joto aliona imeshuka zaidi. Siku ya mvua na upepo aliiona imepanda, na hilo likamtia hofu kubwa zaidi. Kitu kizima, alijiambia, hakipandi na kushuka.

Kisha akampenda Nasiha. Nasiha alikuwa akiuza katika duka moja la leso pale Biashara Street, na ndiye aliyekuwa muonjaji wake bora, maana uso wake haufichi kitu. Akikunja pua, Athmani alishusha bei. Akifumba macho, aliipandisha. Mambo yakaenda hivyo mpaka wazee wakatumwa, kishika uchumba kikapokewa, na mama yetu, Mwanabaraka, akaanza kununua vyombo.

Hapo ndipo Athmani alipokosa utulivu kabisa. Alimfikiria ami. Alimfikiria mke wa ami na sanduku lake mlangoni. Kwa kuwa hakuweza kumwambia mtu, alitafuta dawa kichwani mwake. Alichukua leso kuukuu ya mamake, akapasua upande mmoja, akajifunga winda kama walivyofanya wachukuzi wa zamani: kitambaa kikapita kati ya miguu, kikavutwa juu kwa nguvu na kukazwa kiunoni. Nia yake ilikuwa kuinua kilichoshuka ili kizoee kukaa mahali pake. Alifunga kila alfajiri nyuma ya mlango na kufungua usiku. Juu yake alivaa suruali na kikoi, na hakuna aliyejua.

Baada ya muda si mrefu yakaja maumivu. Kwanza ni mwasho, kisha moto kwenye mapaja na uzito tumboni chini. Athmani hakushangaa. Ndiyo mshipa wenyewe umefika, alijiambia, na akakaza kitambaa zaidi.

Hakuweza tena kusimama mahali pamoja. Zamani mkokoteni wake ulikaa Biashara Street kutwa nzima. Sasa asubuhi ulikuwa hapo, adhuhuri Bondeni, alasiri Shimanzi kati ya malori na maghala, ambako barabara ina mashimo na kila shimo lilimchoma. Akiketi alisimama. Akisimama aliegemea. Wateja wakimwuliza bei alijibu akiangalia pengine. Wakati wa kupimwa kanzu ya harusi, fundi alipomzungushia utepe kiunoni aliruka kama aliyeguswa na moto, akasema atarudi kesho. Hakurudi.

Badala yake alituma ujumbe kwetu. Aliomba harusi isogezwe mpaka Mfungo Nne, mwezi wa nne baada ya Ramadhani. Mama akakubali kwa shingo upande. Mfungo Nne ulipokaribia akaomba isogezwe tena, na safari hii hakutaja mwezi.

"Mwanamume anayesogeza harusi mara ya pili ana mke mahali," mama alisema, akikunjua na kukunja shuka zile zile. "Muulizeni Shimanzi afuata nini. Madereva hawanywi madafu hivyo."

"Mama, hana mke," Nasiha akajibu.

"Basi ana nini?"

Siku ya pili Nasiha alikwenda mwenyewe mpaka kwenye mkokoteni, akakataa dafu alilopewa, na kumwambia Athmani kwa sauti ya chini kwamba mpaka Ijumaa awe amempa sababu. Ikifika Ijumaa hajasema, kishika uchumba kitarudi kwao baada ya swala, na hakutakuwa na ugomvi. Athmani alitaka kusema kitu. Akasema jua ni kali leo.

Aliyemnusuru ni Kahindi, ingawa hakukusudia. Alikuwa akimshushia madafu asubuhi moja akamwona anavyozunguka mkokoteni.

"Bwana, umekaliwa na nini? Watembea kama bata aliye na yai njiani."

"Sina kitu."

"Una kitu. Kama ni jipu sema, nina mafuta ya nyonyo kwenye gari."

Pengine ni uchovu, pengine ni ile Ijumaa iliyokuwa ikija. Athmani alitazama huku na huku, akamsogelea, akasema, "Nina mshipa. Waanza."

Kahindi akaweka chini kichala alichokishika. "Umevimba?"

"Bado. Lakini moja iko chini."

"Chini ya nini?"

"Chini ya mwenziwe."

Kahindi alicheka mpaka akakaa juu ya madafu. "Ni hilo tu? Sasa hata mimi moja iko chini. Tangu nijijue. Yangu ni ya kulia."

Athmani hakucheka. Alimshika mkono, macho yamejaa huruma. "Basi na wewe unao," akasema. "Na wewe wayanywa kila siku."

Kahindi ameniambia kwamba kicheko kilimkaukia palepale. Alianza kuhesabu minazi aliyoikwea maishani, na kwa kila mnazi dafu alilonywea juu kileleni, akaona hawezi kumaliza hesabu.

"Lakini mimi nina watoto wanne," alijaribu.

"Ami yangu alikuwa na sita."

Mteja alikuja akataka koroma, lile dafu lililoanza kukomaa na kuwa nazi, na hakuna aliyemsikia. Mwishowe Kahindi akasema hatakubali kufa kwa habari za barabarani, na kwamba atamsindikiza Athmani zahanati. Athmani akasema hapana, yeye ndiye atakayemsindikiza Kahindi.

Ilikuwa zahanati ndogo huko huko Bondeni. Walikaa kwenye benchi kati ya akina mama na watoto wachanga. Mwanamke aliyekaa karibu nao alipowauliza nani anaumwa, kila mmoja alisema amemsindikiza mwenzake. Athmani aliondoka mara mbili kwenda kuangalia mkokoteni ambao ulikuwa ukionekana vizuri kutoka dirishani.

Daktari aliyewaita alikuwa Musyoka, mtu wa Kitui aliyekaa Mombasa kiasi cha kujua kusalimia bila haraka. Aliwauliza mgonjwa ni nani. Vidole viwili vikanyooka, kila kimoja upande wa pili.

"Basi nitaanza na aliye karibu na mlango," akasema, "kabla hajatoroka."

Akampeleka Athmani nyuma ya pazia. Kahindi alibaki upande wa pili, na kwa hiyo najua yaliyosemwa.

"Hiki ni nini?"

"Ni winda."

"Naona ni winda. Nauliza kinafanya nini hapa."

"Kinainua."

Musyoka akamwomba akifungue. Kahindi akasikia mtu akivuta pumzi. Kitambaa kilikuwa kimechimba mifereji mapajani, na ngozi ilikuwa imechubuka mahali pawili mpaka ikatoa maji.

"Maumivu yalianza kabla hujaanza kujifunga hivi, au baadaye?"

Athmani ameniambia kwamba alijiona kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa, kisha akajirudi: hapana, alijiona mjinga tu.

"Baadaye," akasema.

Daktari alimpima akiwa amesimama, akamgusa taratibu kila upande, akamwambia akohoe, akamlaza akampima tena, akammulika kwa tochi. Alipomaliza alinawa mikono na kusema kwamba hapo hakuna maji, hakuna ngiri, hakuna uvimbe wowote. Kuna korodani mbili nzima, na ngozi ambayo mwenyewe ameichubua.

"Lakini moja iko chini."

"Wanaume wengi moja iko chini. Mara nyingi ni ya kushoto. Na mara nyingi moja ni kubwa kidogo kuliko nyingine. Umewahi kutazama masikio yako kwenye kioo? Hayo pia hayalingani, na hujayafunga kitambaa."

"Na kupanda na kushuka?"

"Joto likizidi zinashuka zipoe. Baridi ikija zinapanda. Hiyo ni kazi yake. Ungekuja na kuniambia hazifanyi kitu, ningetaka kujua zaidi."

"Na madafu?"

Musyoka akacheka kwa mara ya kwanza. "Bwana, kwetu Kitui hakuna minazi, na wenye busha nimewaona huko. Hapa pwani linaletwa zaidi na mbu, ule ugonjwa wa matende. Dafu halina hatia. Na busha lenyewe si mwisho wa mtu. Linapasuliwa, mtu anarudi nyumbani kwake."

Kahindi anasema hapo alidhani wametoka kwa mlango mwingine. Kisha akasikia sauti ya Athmani, ndogo. "Ami yangu alikaa nalo mpaka akafa."

"Aliwahi kuja hospitali?"

"Alikuwa na haya."

"Ndiyo," daktari akasema. "Haipiti wiki bila mtu kuniletea hofu ya kitu alichozaliwa nacho. Na wale wenye ugonjwa wa kweli wanakaa nyumbani. Siku moja mtaniambia kwa nini inakuwa hivyo." Kisha akamweleza yale ya kuangalia: uvimbe mgumu kama punje ndani ya korodani, au upande mmoja kuanza kukua ilhali zamani haukuwa hivyo, au uzito usioisha, aje bila kungoja. Na maumivu makali yakimshika ghafla, asingoje hata asubuhi, aende hospitali saa ile ile. "Ujue mwili wako ulivyo, basi utajua ukibadilika. Lakini kujua si kuchungulia mara kumi kwa siku."

Kahindi hakuweza kuvumilia tena. Akaingiza kichwa ndani ya pazia. "Daktari, na ya kulia je?"

"Ingia," Musyoka akasema. "Nilikuwa nakungoja."

Ya kulia pia ilikuwa ya kawaida. Kahindi alitoka nje akanunua maandazi akawagawia watu wa benchi, na hakuna aliyejua ni ya nini.

Athmani hakutulia kwa urahisi hivyo. Alipaka dawa aliyopewa, akavaa nguo ya ndani ya pamba kama alivyoambiwa, na akajiona kama nyumba iliyoondolewa nguzo. Njiani alishikashika kiuno akitafuta kile kitambaa. Usiku alijiuliza kama daktari alimtazama vizuri, kama tochi yake ilikuwa na betri, kama mtu wa Kitui anaweza kujua miili ya watu wa pwani. Alitamani kurudi akapimwe upya. Lakini kesho yake moto wa mapajani ukapungua. Kesho yake tena alisukuma mkokoteni mpaka Shimanzi, akapita juu ya shimo lile kubwa la karibu na maghala, akasimama. Akarudi nyuma, akalipita tena. Hakikumchoma kitu. Dereva mmoja wa lori alimpigia honi akimwuliza kama ni wazimu.

Aliacha mkokoteni kwa huyo dereva, bila hata kujua jina lake, akaja kwetu Mji wa Kale kwa miguu. Ilikuwa Alhamisi alasiri. Mimi nilikuwa chumba cha ndani nikisoma, na kwa kuwa chumba hicho kina pazia badala ya mlango, kusoma kuliishia hapo.

Alipiga hodi. Nasiha alikuwa amekaa sebuleni na kijisanduku kilicholetwa na kishika uchumba ndani yake, akikifuta vumbi tayari kukirudisha kesho.

"Nilidhani nina mshipa," Athmani alisema akiwa bado amesimama mlangoni. "Sina. Nimekwenda kwa daktari. Nilijifunga mwenyewe nikajiumiza, nikadhani ni ugonjwa. Ndiyo sababu."

Nilisikia kitambaa cha kufutia kikiwekwa juu ya meza.

"Na ungekuwa nao?"

"Ningepasuliwa. Amesema hupasuliwa na mtu akapona."

"Kwa hiyo ungekuwa nao, tungeoana. Na huna, tungeoana."

"Naam."

"Basi tulikuwa tukisogeza nini?"

Athmani alisema tu, "Mke wa ami yangu alirudi kwao."

"Mimi kwetu ndipo hapa," Nasiha akasema. "Mkokoteni uko wapi?"

"Shimanzi. Kwa dereva."

"Dereva gani?"

"Sijui."

Hapo ndipo dada yangu alipocheka, na kicheko chake hakikuwa cha upole. Akamwambia mwanamume mzima amejifunga kama gunia la mbata, kisha ameacha mali yake kwa mtu asiyemjua, na akili hizo ndizo anazotaka kuja kuishi nazo. Alimwambia aende upesi akaufuate. Aliporudi chumbani kwetu, kijisanduku alikuwa amekwisha kukirudisha kabatini. Kwa mama alisema tu kwamba Athmani alikuwa mgonjwa na amepona, na mama, ambaye hajawahi kutosheka na jibu lolote, akauliza ni ugonjwa gani huo wa kuponea Shimanzi.

Walioana Mfungo Nne, ule ule ulioombwa kwanza. Kanzu ilishonwa kwa haraka na mkono mmoja ulitoka mrefu kidogo kuliko wa pili. Kahindi aliyakata madafu ya wageni wote kwa mkono wake, akawa kila kijana wa kiume anayemkabidhi dafu anamwambia anywe bila wasiwasi, kwamba ana ushahidi wa daktari. Wazee walimtazama kwa jicho la pembeni.

Sasa mkokoteni umerudi Biashara Street na hauhami. Athmani hukaa juu ya kigogo chake, miguu mbele, na anaweza kukaa hivyo saa nzima. Vijana wengine, Kahindi huwaleta kwake mmoja mmoja. Huzungumza naye kwa kunong'ona kando ya mkokoteni, kisha utawaona wawili wakielekea Bondeni, kila mmoja akimsindikiza mwenziwe.

Lakini dafu la kwanza bado humpa mtu mwingine. Juzi asubuhi ilikuwa zamu yangu. Nililinywa taratibu huku akinitazama usoni, kama siku zote, na nilipomrudishia kifuu nikajikaza nikamwuliza lile swali moja nililokaa nalo tangu harusi.

"Shemeji, na sasa, mbona bado hunywi?"

Akatupa kifuu kwenye gunia.

"Nimejaribu," akasema. "Siyapendi. Yana chumvi."